Usidokoe Betri Moja: Vifaa vya Volti 12 Ndani ya Lori la Volti 24

Madereva wa malori na mataniboi wenu, ninyi mlio njiani kati ya mpaka wa Malaba na ule wa Katuna, na ninyi mliokwisha kuegesha mkingoja kupambazuke: mazungumzo ya leo ni yenu. Ni yenu pia mafundi wa umeme wa magari wa Ndeeba, wa Katwe na wa soko la Kisekka, hapa Kampala. Na ni yenu matajiri wenye magari, maana hasara nitakayoieleza hapa mwisho wake hulipwa na mfuko wenu.

Jambo lenyewe ni hili. Malori mengi ya dizeli tunayoyaona katika barabara zetu yana umeme wa volti 24. Lakini vitu ambavyo dereva angependa awe navyo kabini, yaani redio, feni, taa ya kusomea karatasi za mzigo, friji ndogo ya maji, kamera ya mbele, vingi vinauzwa vikiwa vya volti 12. Duniani magari madogo ni mengi kuliko malori, na magari madogo yalihama kutoka volti 6 kwenda volti 12 tangu miaka ya 1950, kwa hiyo viwanda hutengeneza vifaa kwa kuyafuata hayo. Ukiingia Kisekka kutafuta redio, kumi utakazoonyeshwa ni za volti 12.

Basi dereva ana redio ya 12 na gari la 24. Anampelekea fundi. Fundi anafungua boksi la betri, anakuta betri mbili, kila moja ya volti 12. Anachukua waya, anaufunga kwenye kebo inayounganisha betri hizo mbili, anaupitisha chini ya zulia mpaka kwenye dashibodi. Redio inaimba. Dereva anatabasamu, fundi analipwa, gari linaondoka. Kazi nzima haikufika nusu saa.

Ndugu zangu, waya ule ndio ninaokuja kuusema. Nimefungua maboksi mengi ya betri katika mji huu, na ule waya mwembamba unaotoka katikati ya betri mbili ndio ninaouangalia kwanza pale tajiri anapolalamika kwamba betri mpya hazimalizi mwaka. Mara nyingi ninaukuta. Ninasema tangu mwanzo, bila kuzungukazunguka: usifungwe, na uliokwisha kufungwa utolewe. Sasa nieleze kwa nini.

Tuanze na sababu ya lori kuwa na volti 24. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Injini ya petroli hubana hewa hadi sehemu moja ya kumi hivi ya ujazo wake. Ya dizeli hubana hadi sehemu moja ya kumi na sita, na nyingine hadi moja ya ishirini. Kuzungusha injini kubwa ya namna hiyo ikiwa imelala baridi usiku kucha kunahitaji stata yenye nguvu. Chukua stata ya wati 4,000, ambayo kwa lori si kubwa hata kidogo. Ukiiendesha kwa volti 12 itavuta zaidi ya ampea 330. Ukiiendesha kwa volti 24 itavuta nusu yake, ampea 167 hivi. Na umeme una kanuni yake: joto linalopotea ndani ya waya hufuata mraba wa ampea. Ampea zikipungua nusu, hasara ndani ya kebo ileile hubaki robo. Ndiyo maana kebo za lori haziwi nene kama mkono, na ndiyo maana taa za nyuma za trela, zilizo mbali na betri, hupata umeme wa kutosha.

Kwa hiyo watengenezaji wa Ulaya, Japani na China waliweka volti 24 kwenye malori yao. Scania, Volvo, Mercedes, DAF, Howo, yote ni 24. Hata yale madogo yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, Fuso Canter na Isuzu Elf, mengi ni ya 24, ingawa ukubwa wake unaweza kukudanganya. Wamarekani walishika njia nyingine. Malori yao makubwa kama Freightliner yana betri kadhaa, lakini zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na umeme wake ni wa volti 12. Kwa hiyo, fundi, usihesabu betri kisha ukatoa hukumu. Shika mita upime. Gari la volti 24 likiwa limepumzika na betri zake zimejaa, mita itasoma 25 na kitu. Injini ikiunguruma, itasoma kama 28. Gari la volti 12 litasoma 12 na nusu hivi, na injini ikiunguruma, 14 na kitu.

Sasa tuingie ndani ya boksi la betri la lori letu la 24. Betri mbili zimefungwa kwa mfululizo. Hasi ya betri ya kwanza imeshikamana na chasi. Chanya yake imeungwa na hasi ya betri ya pili. Chanya ya betri ya pili ndiyo inayotoka kwenda kwenye stata na alteneta. Hiyo ya kwanza tuiite betri ya chini, na ya pili tuiite betri ya juu. Katika mfululizo, umeme wowote unaopita katika betri ya chini lazima upite katika betri ya juu, ampea kwa ampea. Wakati wa kuwasha gari zinatoa pamoja, na wakati wa kuchaji zinapokea pamoja. Ni kama mafahali wawili wa kulimia kule Teso, waliofungwa nira moja: wanalingana chakula, wanalingana kazi, na shamba linalimika.

Ukifunga redio kwenye kiungo cha katikati, umevunja mapatano hayo. Redio, feni na taa vinakula kutoka betri ya chini peke yake. Ya juu haiguswi. Tuhesabu. Vifaa hivyo kwa pamoja vikivuta ampea 4, na dereva akilala saa 10 vikiwa vinafanya kazi, vimekula ampea-saa 40. Kwenye betri ya N150, yenye ampea-saa 150 ikiwa mpya na imejaa, hiyo ni zaidi ya robo. Asubuhi betri ya chini ina njaa, ya juu imeshiba.

Dereva anawasha gari, alteneta inaanza kuchaji. Hapa ndipo penye siri. Alteneta haijui kwamba kuna betri mbili. Regyuleta yake inaangalia jumla tu, inataka ione volti 28. Betri yenye njaa inabaki chini, tuseme 13. Iliyoshiba inapanda mpaka 15, ili jumla itimie 28. Regyuleta inaridhika, taa ya chaji inazimika, na dereva anaamini mambo ni mazuri. Kumbe betri ya juu inachemka. Betri ya risasi na asidi ikipita volti 14 na nusu hivi huanza kuvunja maji yake kuwa gesi za hidrojeni na oksijeni. Maji yanapungua, bamba zinabaki wazi, zinakauka. Na ile ya chini nayo haijai kamwe. Bamba za betri isiyojaa hufunikwa na fuwele ngumu za salfeti, na kadiri siku zinavyopita fuwele hizo hazirudi tena kuwa asidi hata ukichaji namna gani. Gari moja, waya mmoja, betri mbili zinakufa kwa magonjwa mawili tofauti: moja kwa kuchemka, nyingine kwa njaa.

Inayotangulia kuanguka mara nyingi ni ile ya chini. Asubuhi moja stata inalia tik-tik na haizunguki. Fundi anapima, anamwambia tajiri: nunua betri moja, hii nyingine bado nzima. Tajiri ananunua moja. Sasa betri mpya na betri kuukuu zimefungwa pamoja, na waya wa redio bado upo palepale. Tofauti inaanza upya siku hiyohiyo, na safari hii inakwenda kasi zaidi. Ndiyo maana utasikia watu wakilaumu kiwanda cha betri, au wakisema betri za siku hizi hazina nguvu. Betri hazina kosa hapo.

Ninajua dereva atanijibu: mimi natembea mchana kutwa, alteneta inachaji, redio itanidhuru nini? Ndugu dereva, maisha yako unayajua kuliko mimi. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, lakini siku zako haziishi kwenye usukani tu. Unasimama mizani, unasimama mpakani, unangoja karatasi, unangoja kushusha. Mnakumbuka Januari 2022, wakati wa mgogoro wa malipo ya kupima korona mpakani. Foleni ya malori upande wa Kenya ilinyooka makumi ya kilomita kutoka Malaba, na huku kwetu petroli ikaadimika na bei ikaruka. Siku zile kabini ilikuwa nyumba. Simu zilichajiwa humo, redio ilisikilizwa humo, feni ilizunguka humo, na injini imezimwa kwa sababu dizeli ni pesa. Betri moja ikibeba nyumba nzima peke yake kwa siku kadhaa, siku foleni ikisogea gari haliwaki. Hata bila janga, foleni ndogo hatukosi.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi. Wanasema, basi mwezi huu tudokoe betri ya chini, mwezi ujao tuhamie ya juu. Hapo hatari inakuwa kubwa kuliko hasara. Betri ya chini ina hasi iliyoshikamana na chasi, na redio yako pia ina hasi inayogusa chasi, kupitia bodi yake na kupitia waya wa antena. Ukiipeleka redio kwenye betri ya juu, hasi ya redio inakuwa volti 12 juu ya chasi. Siku bodi ya redio ikigusa chuma cha dashibodi, au ukichomeka waya wa antena, betri ya chini imefungwa shoti moja kwa moja. Waya unakuwa mwekundu ndani ya kabini ambamo mna godoro, mna nguo, mna mtu amelala.

Na lipo jambo lingine ambalo mafundi wengi hawalitazamii. Tuseme waya wa katikati upo, redio imeunganishwa, na mtu anafungua hasi ya betri ya chini ili asafishe kichwa cha betri. Au kichwa hicho kimelegea chenyewe kwa mashimo ya barabara. Taa za gari zikiwa zimewashwa, umeme wa betri ya juu unapita kwenye taa, unafika kwenye chasi, unatafuta njia ya kurudi, na njia pekee iliyobaki ni kupitia redio, tena kinyumenyume, hasi ikiwa chanya. Redio inaweza kuungua papo hapo, na watu wanabaki kushangaa imekufaje ilhali hakuna aliyeigusa.

Basi tufanye nini? Hatumwambii dereva aishi bila redio. Mtu anayekesha njiani ana haki ya kusikia sauti ya binadamu mwenzake. Njia zipo, nazo nitazitaja kwa mpangilio wa kuzijaribu.

Ya kwanza, uliza kama kitu hicho kinapatikana kwa volti 24. Honi, balbu, feni, hata redio na inveta za volti 24 zipo, ila hazipangwi mbele ya duka. Uliza mara ya pili.

Ya pili, soma maandishi. Vifaa vingi vya siku hizi vina uwezo wa kupokea volti mbalimbali. Chaja nyingi za simu zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara zimeandikwa 12–24V. Taa nyingi za LED za kazi zimeandikwa 10–30V. Vifaa vingi vya kufuatilia gari kwa setilaiti hupokea kuanzia volti 9 hadi zaidi ya 30. Vya namna hiyo vifunge moja kwa moja kwenye umeme wa 24 wa gari, ukiwa na fyuzi yake, na mazungumzo yameisha. Lakini kilichoandikwa 12V peke yake kiamini kilivyoandikwa. Injini ikiunguruma kitapata 28, na hakitavumilia.

Ya tatu, na hii ndiyo jibu kwa redio nyingi, ni konvata ya kushusha volti kutoka 24 hadi 12. Hiki ni kisanduku kidogo kinachochukua umeme kutoka betri zote mbili kwa pamoja, kikatoa volti 12 hadi 13.8 zisizoyumba. Betri ya juu na ya chini zinachangia sawasawa. Hakuna anayeshiba, hakuna anayeona njaa.

Konvata zipo za aina mbili, na tofauti yake ni pesa yako. Ya zamani hushusha volti kwa kuzichoma. Redio ikivuta ampea 10, konvata hiyo nayo huvuta ampea 10 kutoka kwenye betri, na zile volti 14 zilizozidi hugeuzwa kuwa wati 140 za joto tupu. Ya kisasa hukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde, kisha ikausawazisha. Kwa ampea 10 zilezile upande wa redio, hiyo huvuta ampea 5 na nusu hivi upande wa betri, na joto lake ni dogo. Ukiwa umeegesha usiku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gari litawaka asubuhi. Nunua ya kisasa.

Na wale wanaoweka rezista katikati ya njia ili ipunguze volti, waache. Rezista hupunguza volti kulingana na ampea zinazopita. Redio ikiwa kimya hupata volti nyingi mno, ukipandisha sauti hupata chache mno. Kwa balbu moja isiyobadilika ingewezekana, kwa redio haiwezekani.

Namna ya kuichagua konvata: jumlisha ampea za vifaa vyote vitakavyofanya kazi kwa pamoja, kisha ongeza theluthi. Vifaa vikiwa vya ampea 7, chukua ya 10. Vikiwa vya 15, chukua ya 20. Tena angalia ampea inazoweza kutoa saa zote. Baadhi ya visanduku huandikwa kwa herufi kubwa nguvu ya dakika chache tu, na nguvu ya kudumu imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Angalia pia kama ina kinga ya kuzuia volti zisipande. Konvata mbovu ikiungua vibaya inaweza kufungulia volti 28 zote ziingie kwenye redio.

Namna ya kuifunga: waya wa kuingiza utoke kwenye chanya ya betri ya juu, au kwenye boksi la fyuzi la gari, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja. Fyuzi iliyokaa kule kabini hailindi waya uliotangulia kupita kwenye chasi na kusuguana na vyuma. Weka fyuzi nyingine upande wa kutoka. Kwa ampea 10 tumia waya wa milimita mraba 2.5, kwa ampea 20 nenda kwenye 4 au 6, kulingana na urefu. Hasi ifungwe kwenye chuma kilichokwaruzwa rangi na kukazwa kwa nati. Kisanduku chenyewe kifungwe kwenye chuma, mahali penye hewa, mbali na maji, na kisiwe chini ya godoro wala nyuma ya nguo. Na fyuzi ikikatika usiweke kipande cha waya wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Imekatika kwa sababu. Itafute sababu.

Redio ina nyaya mbili za chanya: wa njano wa kutunza kumbukumbu za stesheni na saa, na mwekundu unaofuata ufunguo. Kuna konvata zenye tundu maalumu la kumbukumbu. Kama yako haina, pitisha konvata kwenye ufunguo wa gari na ukubali kutafuta stesheni upya, kuliko kurudi kudokoa betri kwa ajili ya waya wa njano peke yake. Udokoaji huo wa kidogo kidogo nao, kila saa, kila siku, huleta tofauti ileile. Na kama baada ya kufunga konvata redio inanguruma kwenye FM, hiyo ni kelele ya ule ukataji wa umeme. Utenge waya wa antena mbali na nyaya za konvata, kaza vizuri hasi yake, na ikiendelea, badilisha konvata yenyewe, maana zile zisizo na chujio la kelele zina tabia hiyo.

Ya nne ni kwa wenye matumizi makubwa ya volti 12, kwa mfano pampu au mtambo unaovuta ampea nyingi. Kuna kifaa cha kusawazisha betri. Hufungwa kwenye ncha tatu, yaani chasi, katikati na chanya ya juu. Kila betri moja inapoanza kuachwa nyuma, hicho huhamisha chaji kutoka kwa iliyoshiba. Hapo ndipo tu waya wa katikati unaporuhusiwa, kwa sababu kuna anayesimamia usawa. Uwezo wake lazima ulingane na vifaa utakavyoviwasha.

Niseme neno juu ya taa, kwa kuwa taa ni uhai. Balbu ya volti 12 na ya volti 24 zinaweza kuwa na kichwa kimoja na umbo moja, zikaingia tundu moja. Kuna wanaonunua za 12 na kuzifunga mbili kwa mfululizo kwenye taa za nyuma za trela. Zitawaka, kama wati zake zinalingana. Lakini moja ikiungua, zote mbili zinazimika. Trela linabaki giza nyuma, usiku, kwenye barabara ya Masaka au ndani ya msitu wa Mabira, na anayekuja nyuma haoni kwamba umefunga breki. Taa za usalama ziwe za volti 24 halisi. Hapo hakuna njia ya mkato.

Na neno kwa madereva wa teksi zetu, zile Hiace, wanaoomba kuwashiwa gari na lori lililosimama karibu. Gari lako ni la volti 12. Ukipokea umeme wa betri zote mbili za lori, unaweza kuunguza alteneta, redio na kompyuta ya gari kwa mpigo. Kwa dharura, injini ya lori ikiwa imezimwa, chukua betri ya chini peke yake: chanya yake na hasi yake. Kebo ya mwisho, ile ya hasi, ifunge kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi ya hidrojeni. Gari likiwaka, toa kebo mara moja.

Sasa nimalize kwa kusema na kila mmoja.

Tajiri wa gari, bei ya konvata nzuri ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri mbili za lori. Usibishane na fundi kuhusu konvata kisha ukamnunulia betri kila mwaka. Na ukibadilisha betri, badilisha zote mbili siku moja, za ukubwa mmoja na umri mmoja.

Dereva, omba mita ndogo ya volti ikae kwenye dashibodi. Gari likiwa limepumzika na mita ikasoma 24 kamili au chini yake, betri zako zimeshuka chini ya nusu. Zima kila kitu, au washa injini. Na mara moja kwa mwezi, injini ikiunguruma, mwambie fundi apime kila betri peke yake. Zikitofautiana nusu volti au zaidi, huenda kuna anayedokoa. Mtafute kabla hujanunua chochote.

Na wewe fundi mwenzangu, nakuomba kwa heshima ya kazi yetu. Mteja haoni kilichomo chini ya zulia; anakuamini wewe. Akija na redio ya 12 na haraka yake, mweleze kwanza. Asipokuwa na pesa za konvata leo, mwambie arudi zikipatikana. Kazi ya nusu saa inayoua betri mbili ni uharibifu uliolipiwa, na anayeujua uharibifu huo akaendelea kuufanya hana cha kujitetea.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, fungueni boksi la betri mtazame. Mkiukuta waya unaotoka katikati, na hakuna kifaa cha kusawazisha betri, utoeni.